Mito Mikavu ya Mirihi

Katika zile nyota tano zitangatangazo ambazo macho matupu huziona zikihama kati ya nyota nyingine, Mirihi ndiyo iliyotiwa rangi ya damu, na kwa rangi hiyo mataifa mengi ya kale yaliihesabu kuwa nyota ya vita. Jina lake liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, pamoja na majina ya Zuhura, Mshtarii na Zohali. Kila baada ya miezi ishirini na sita hivi Dunia huipita Mirihi katika mwendo wa kulizunguka Jua. Wakati huo sayari hiyo huchomoza mashariki Jua linapotua magharibi, ikawaka usiku kucha mfano wa kaa la moto. Wekundu wake si wa moto wala si wa damu. Ni kutu: chuma kilichomo katika mavumbi yake kimeungana na oksijeni, kama kiunganavyo katika jembe lililosahauliwa shambani. Na kutu, ingawa wataalamu hawajakubaliana jinsi ilivyofanyika huko, humfanya mtu aulize habari za maji.

Swali hilo lina umri wa karne tatu na zaidi. Mwaka 1659 Mholanzi Christiaan Huygens alichora doa jeusi katika uso wa Mirihi, na mwaka 1666 Giovanni Domenico Cassini akalifuata doa kama hilo hata akajua kuwa siku ya huko ina muda wa saa 24 na dakika 40 hivi. Mwaka 1784 William Herschel aliandika kuwa weupe uonekanao kwenye ncha zake mbili ni theluji na barafu, kwa kuwa hupungua kila ncha inapopata kiangazi na kuongezeka inapopata baridi. Mhimili wa sayari hiyo umeinama karibu sawa na wa Dunia, kwa hiyo ina majira yake. Mambo yote haya yalikuwa kweli, na ndiyo yaliyowapoteza watu. Maadamu siku yafanana na siku, na majira yafanana na majira, wasomaji wa mbingu walipitisha kwamba madoa meusi ni bahari na sehemu nyekundu ni nchi kavu, wakachora ramani zenye ghuba na visiwa kana kwamba wamekwisha kutia nanga huko.

Mwaka 1877 Mirihi ilikaribia Dunia kuliko kawaida. Mwaka huo Asaph Hall aliviona mjini Washington vijimwezi vyake viwili, Phobos na Deimos. Na mjini Milan, Giovanni Schiaparelli alianza kuchora ramani mpya, akaona juu ya sehemu nyekundu mistari myembamba iliyounganisha doa moja na jingine. Mistari hiyo aliiita kwa lugha yake *canali*. Hapa pana jambo linalowahusu wapenzi wa lugha kuliko wapenzi wa nyota. Neno hilo la Kiitalia lafaa kwa njia ya maji iliyofanywa na maumbile, na lafaa vilevile kwa njia iliyochimbwa na watu. Kiswahili hutenga mambo hayo mawili: mkondo ni wa maumbile, lakini mfereji wa shamba una jasho la mtu ndani yake. Kiingereza nacho kina maneno mawili, na mfasiri alikuwa na hiari. Lililochaguliwa ni neno la mfereji. Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa mwaka 1869, miaka minane tu kabla yake, na watu wa zama zile waliona kuchimba mifereji kuwa ndiyo kazi ya mataifa yaliyoendelea. Basi tafsiri ya neno moja ikaijaza sayari nzima wahandisi.

Aliyewapa wahandisi hao maskani na msiba ni Mmarekani Percival Lowell, mtu wa mali na wa maneno matamu, aliyejenga kituo chake cha darubini Flagstaff, katika Arizona, mwaka 1894. Katika vitabu vitatu, vya 1895, 1906 na 1908, alieleza kuwa Mirihi ni dunia iliyozeeka na kukauka. Bahari zake zimekwisha, maji yaliyobaki yamefungwa katika barafu ya ncha, na viumbe wenye akili wanayaleta kwenye mashamba ya katikati kwa mifereji ya maelfu ya kilomita. Haifai kumcheka upesi. Fikra yake kwamba sayari yaweza kuwa na historia, kwamba yaweza kuwa na maji kisha ikayapoteza, ilikuwa fikra kubwa, na baada ya muda ilionekana kuwa na ukweli ndani yake. Kosa lake lilikuwa katika kuona. Macho yake yalimletea mistari, naye akaijenga hoja juu ya mistari kabla ya kuyauliza macho.

Wengine waliyauliza. Edward Maunder wa Greenwich aliweka mbele ya wavulana wa shule picha zenye madoa yasiyo na mpangilio, akawaambia wachore waonayo. Wale waliokaa mbali kiasi walichora mistari iliyonyooka, ingawa hapakuwa na mstari hata mmoja. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1903. Alfred Russel Wallace, yule aliyegundua pamoja na Darwin asili ya namna za viumbe, aliandika kitabu mwaka 1907, akiwa mzee wa miaka 84, akaonyesha kwamba Mirihi ni baridi mno na hewa yake ni nyembamba mno, hata maji yakimwagwa katika mfereji yangepotea kabla ya kufika mbali. W. W. Campbell alikuwa amekwisha kuuchambua mwanga wa sayari hiyo mwaka 1894 na kuulinganisha na mwanga wa Mwezi, asione alama ya mvuke wa maji. Mwaka 1909 Eugène Antoniadi aliitazama Mirihi kwa darubini kubwa ya Meudon, karibu na Paris, katika usiku uliotulia sana. Akaona mahali pa mistari pamejaa madoadoa na vipande vidogo visivyo na idadi. Mifereji ilikufa siku ile kwa wanafalaki walio wengi, ingawa katika hadithi na magazeti iliendelea kutiririka kwa muda mrefu.

Tangu hapo hadi katikati ya karne ya ishirini Mirihi ilikuwa kama mtu anayesemwa sana na asiyetembelewa. Mwaka 1963 uchambuzi wa mwanga ulionyesha hatimaye kuwa mna mvuke wa maji katika hewa yake, lakini ni kidogo hata kama wote ungeangushwa chini kwa pamoja usingefikia unene wa unywele. Kisha tarehe 14 Julai, 1965, kwa saa za Marekani, chombo Mariner 4 kilipita karibu na sayari hiyo, umbali wa chini ya kilomita 10,000, kikapiga picha 22, ya mwisho haikutimia. Picha hizo zilisafirishwa kwa redio kwa namna ya tarakimu, na kila moja ilichukua saa nyingi kufika. Watu wa maabara ya Pasadena hawakuweza kungoja mashine iwatengenezee picha ya kwanza. Waliichukua karatasi iliyochapwa tarakimu, wakaibandika ukutani, wakaipaka rangi kwa mkono, tarakimu kwa tarakimu, kama watoto wanaojaza picha ya kitabuni.

Kilichotokea katika picha zile kiliwavunja moyo wengi. Hapakuwa na mifereji, wala bahari, wala mito. Palikuwa na makasoko, mashimo ya mviringo yaliyopigwa na vimondo tangu zamani sana, kama yale ya Mwezini. Mawimbi ya redio ya chombo hicho, yalipopita pembeni mwa sayari kabla ya kukatika, yalipima hewa yake na kuikuta ni chini ya sehemu moja kwa mia ya hewa ya Dunia. Kutoka sayari yenye wakulima hodari, Mirihi ikawa kwa siku chache mfupa mkavu. Hukumu hiyo ya pili ilikuwa ya haraka kama ile ya kwanza. Mariner 4 kilikuwa kimeona kiasi cha sehemu moja kwa mia ya uso wa sayari. Mgeni akishuka ufukweni mara moja, akaona mchanga, akaondoka, hana haki ya kueleza habari za bara.

Chombo kilichofungua bara hilo ni Mariner 9. Kilifika tarehe 14 Novemba, 1971, kikawa cha kwanza kuizunguka sayari nyingine isiyokuwa Dunia. Kilikuta dhoruba ya mavumbi imeifunika Mirihi yote, pasionekane kitu isipokuwa madoa manne meusi juu ya vumbi. Vyombo viwili vya Urusi ya Kisovieti vilivyofika karibu wakati huohuo vilikuwa vimepangiwa kushusha mashine zao bila ya kungoja. Moja ilianguka, na ya pili, ya Mars 3, ilitua tarehe 2 Desemba ikanyamaza kabla ya kutimia dakika mbili. Mariner 9 kilingoja. Vumbi lilipotulia pole pole, yale madoa manne yakatokea kuwa vilele vya milima ya volkano, mirefu kupita vumbi lenyewe. Mkubwa wao, Olympus Mons, una kimo cha kilomita 22 hivi, karibu mara nne ya Kilimanjaro chenye mita 5,895, na kitako chake kina upana wa kilomita 600. Mlima wa namna hiyo haukui Duniani, ambako ganda la nchi husogea na kuuhamisha mlima kutoka juu ya chanzo cha moto wake. Huko Mirihi ganda limesimama, na moto ulimwaga mahali pamoja kwa mamilioni mengi ya miaka.

Mashariki ya milima hiyo ilionekana nyufa kubwa iliyopewa jina la chombo, Valles Marineris, yenye urefu wa kilomita 4,000 na kina kifikacho kilomita 7 mahali pengine. Haikuchimbwa na mto. Nchi ilivutwa ikapasuka, ardhi ikadidimia kati ya kingo mbili, jambo ambalo watu wa Bonde la Ufa hawahitaji kuelezwa kwa maneno mengi. Vipimo vya miale vilivyofanywa baada ya mwaka 1997 na chombo Mars Global Surveyor vilionyesha sura ya nchi kwa ukamilifu: kusini ni nyanda za juu, kuukuu, zilizotoboka makasoko, kaskazini ni bonde pana laini, lililo chini kwa kilomita 5 hivi kuliko kusini. Tone la maji likianguka mahali pengi katika sayari ile, lingetafuta kaskazini.

Na maji yalikuwako. Hilo ndilo lililomshangaza kila mtu katika picha 7,329 za Mariner 9, kwa kuwa hakuna aliyelitarajia baada ya mwaka 1965. Zilionekana njia za maji za aina mbili. Aina ya kwanza ni mabonde mapana mno, makumi ya kilomita kutoka ukingo hadi ukingo, yanayoanza ghafla katika nchi iliyovurugika na kuteremka hadi uwanda wa kaskazini, yakiacha nyuma yake visiwa vyenye umbo la chozi. Aina ya pili ni vijibonde vyembamba vya nyanda za kusini, vinavyojiunga kimoja na kingine, kama mishipa ya jani au kama vijito vinavyokutana kufanya mto. Mabonde makubwa yalipewa majina yaliyo, kila moja, jina la sayari yenyewe katika lugha fulani: Ares kwa Kiyunani, Kasei kwa Kijapani, Mangala kwa Kisanskriti, Nirgal kwa Kibabeli, Ma'adim kwa Kiebrania, Al-Qahira kwa Kiarabu. Ni desturi nzuri, nayo inaonyesha jinsi mataifa mengi yalivyoitazama taa moja.

Mabonde yale makubwa yalihitaji maelezo, na maelezo yalikuwa yakingoja Marekani kwa karibu nusu karne. Mwaka 1923 mwanajiolojia J Harlen Bretz alianza kuandika habari za nchi ya ajabu katika mashariki ya jimbo la Washington, nchi iliyochanwa mwamba wake mtupu na kuachwa na maporomoko makavu na mashimo makubwa. Alisema kuwa ilifanywa na gharika moja kuu. Wenzake walimkatalia, na katika mkutano wa mwaka 1927 mjini Washington walimpinga mmoja baada ya mwingine, kwani neno gharika lilinuka hadithi za dini, na jiolojia ilikuwa imejifunza kwa shida kuheshimu kazi ya pole pole ya mvua na upepo. Lakini kumbe palikuwako ziwa la zama za barafu, ambalo Joseph Pardee alikuwa amelichunguza, na bwawa lake la barafu lilipovunjika maji yote yalitoka kwa mkupuo. Picha za Mirihi zilipokuja, waliozisoma waliona alama zilezile za Bretz, zilizokuzwa mara nyingi. Bretz alipewa medali ya heshima kuu ya wanajiolojia wa Marekani mwaka 1979, akiwa amepita umri wa miaka 95. Wapinzani wake wengi, alivyosema mwenyewe kwa namna moja au nyingine, hawakuwako tena kuiona.

Gharika, hata hivyo, haithibitishi kuwa sayari ilikuwa na hali njema. Maji yaliyozuiliwa chini ya barafu nene yaweza kupasuka na kukimbia kwa siku chache katika nchi ya baridi kali, kisha yakaganda. Vile vijibonde vyembamba ndivyo vyenye maana kubwa zaidi, kwa sababu mtandao wa vijito hutaka muda, na yaelekea wataka mvua au theluji iyeyukayo. Navyo viko karibu vyote katika nchi kongwe ya kusini. Wanajiolojia waligawa historia ya Mirihi katika zama tatu kwa kuhesabu makasoko, maana nchi iliyokaa muda mrefu zaidi imepigwa mara nyingi zaidi. Na zama ya kwanza ilipewa jina la nchi ya Noachis, yaani nchi ya Nuhu, kama ilivyoitwa na Schiaparelli katika ramani yake bila ya kujua. Zama ya Nuhu ilikwisha miaka bilioni 3.7 iliyopita. Vijibonde vingi ni vya mwisho wa zama hiyo. Baada yake ikaja zama ya volkano na gharika, na tangu miaka bilioni 3 hivi iliyopita sayari imekuwa katika ukavu na baridi ambamo imo hata sasa.

Katika hali hiyo ya sasa, maji hayawezi kukaa wazi. Viking 1 ilitua tarehe 20 Julai, 1976, na Viking 2 tarehe 3 Septemba mwaka huohuo. Zilipima hewa, zikakuta karibu yote ni kaboni dayoksaidi, na uzito wake hauzidi milibari chache. Katika uzito wa hewa kama huo barafu ikipata joto huwa mvuke moja kwa moja bila ya kuwa maji, au maji yakitokea huchemka na kuganda karibu wakati mmoja. Wastani wa joto ni nyuzi 60 chini ya sufuri. Viking 2 iliona asubuhi ya majira ya baridi utando wa jalidi juu ya mawe mekundu, na picha hiyo, iliyo kimya na isiyo na kitu chenye uhai, ni miongoni mwa picha zisizosahaulika za karne ile.

Vipande vya sayari hiyo vilikuwa vimekwisha kufika Duniani, na viwili kati yake viliangukia Afrika machoni pa watu. Tarehe 28 Juni, 1911 mawe kiasi cha arobaini, yenye uzito wa kilo 10 hivi kwa jumla, yalianguka katika wilaya ya Nakhla, Misri ya chini. Gazeti moja lilidai kuwa jiwe mojawapo lilimwua mbwa, na habari hiyo hurudiwa mpaka leo ingawa mbwa huyo hana shahidi wa kuaminika. Tarehe 3 Oktoba, 1962 jiwe la kilo 18 lilianguka Zagami, kaskazini ya Nigeria, hatua chache tu kutoka kwa mkulima aliyekuwa katika shamba lake la mahindi. Asili ya mawe hayo haikujulikana mpaka miaka ya themanini. Mwaka 1983 hewa iliyonaswa ndani ya jiwe la jamii hiyo, lililookotwa katika barafu ya bara la kusini, ilipimwa ikaonekana kuwa sawa na hewa iliyopimwa na Viking. Basi jiwe la Nakhla likasomwa upya. Lilitoka katika moto wa volkano miaka bilioni 1.3 iliyopita, na katika nyufa zake mna udongo wa mfinyanzi na chumvi vilivyofanywa na maji kabla jiwe halijaingia katika anga ya Dunia. Maji hayo ni machache, lakini ni ya zama ambayo Mirihi ilidhaniwa kuwa imekwisha kukauka kabisa.

Vyombo vya magurudumu vilivyofuata viliisoma miamba kwa karibu. Opportunity, kilichotua tarehe 25 Januari, 2004 na kupangiwa siku 90 za kazi, kilidumu hata Juni 2018 na kutembea zaidi ya kilomita 45. Kilikuta vijipira vya madini ya chuma vya milimita chache, vilivyokua ndani ya mwamba uliolowa maji, na chumvi ambazo hufanyika katika maji makali kama siki. Curiosity, kilichotua katika kasoko la Gale mwezi wa Agosti 2012, kilikuta kwanza changarawe zilizoviringwa na mto, kisha matope yaliyogeuka jiwe katika kitako cha ziwa la kale. Maji ya ziwa hilo hayakuwa makali wala hayakuwa na chumvi nyingi. Mtu angeweza kuyanywa. Hapo ndipo hoja ya miaka 350 ilipopata jibu la kwanza lisilo na shaka: katika Mirihi palikuwa na maziwa yaliyotulia, na si kwa siku chache tu.

Maji hayo yalikwenda wapi? Sehemu yake haikwenda popote. Chombo Mars Odyssey kiligundua mwaka 2002 haidrojeni nyingi chini ya udongo wa karibu na ncha, na haidrojeni hiyo ni ya barafu. Mwaka 2008 Phoenix ilipokwangua udongo wa kaskazini ilifunua vipande vyeupe, na baada ya siku nne vilikuwa vimetoweka, vimegeuka mvuke. Barafu ya ncha ya kusini peke yake, ikiyeyushwa, ingeifunika sayari yote kwa kina cha mita 11. Sehemu nyingine ilipotea angani. Mirihi ni ndogo, kipenyo chake ni nusu tu ya cha Dunia, na uvutano wake ni zaidi kidogo ya thuluthi. Moyo wake wa chuma ulikoma mapema kufanya sumaku ya kuikinga sayari nzima. Mwanga wa Jua huivunja molekuli ya maji, na haidrojeni nyepesi hukimbia. Kwa kuwa haidrojeni nzito hukimbia kwa shida zaidi, hubaki na kuzidi, na katika maji ya Mirihi uwiano wake ni kama mara tano ya uwiano wa Duniani. Chombo MAVEN, kilichofika mwaka 2014, kilionyesha kwa hesabu ya gesi ya agoni kuwa kiasi cha thuluthi mbili za gesi hiyo zimekwisha kutoroka. Tangu Februari 2021 kazi ya kuutazama utoro huo imesaidiwa na chombo cha Falme za Kiarabu kiitwacho Al-Amal, yaani Tumaini; na ni jambo la kupendeza kwamba lugha iliyowapa Waswahili jina la Mirihi imetuma mjumbe wake huko.

Lakini hesabu haijafungwa. Mwaka 2015 ilikadiriwa, kwa uwiano ule wa haidrojeni, kuwa sayari ilikuwa na maji ya kuifunika yote kwa kina cha mita 137 angalau. Mwaka 2021 wengine walionyesha kuwa sehemu kubwa, pengine iliyo kubwa kuliko zote, haikuruka bali ilinyonywa na miamba na kufungwa ndani ya madini yake. Duniani maji yaliyonywewa na miamba hurudishwa na volkano, kwa kuwa ganda la nchi husagwa na kutumbukia na kutolewa tena. Mirihi haina mzunguko huo, na kilichomezwa humezwa moja kwa moja.

Shaka nyingine ni juu ya joto. Jua la zama za Nuhu lilitoa nuru ya robo tatu tu ya ile ya sasa. Kwa Jua dhaifu kiasi hicho, na kwa umbali ule, haieleweki vyema jinsi mvua ilivyoweza kunyesha Mirihi. Kundi moja la wataalamu hushikilia kuwa hewa nzito ya zamani iliipasha joto sayari kwa muda mrefu; kundi jingine lasema nyanda za juu zilifunikwa na barafu, na volkano au vimondo viliiyeyusha mara kwa mara, kwa miaka elfu chache kila mara. Hoja ya pili yalingana zaidi na hesabu za hewa, na ya kwanza yalingana zaidi na sura ya mabonde. Katika mambo ya nchi, yule anayeshika sura ya nchi mara nyingi ana haki zaidi kuliko yule anayeshika hesabu, kama Bretz alivyokuwa. Lakini Lowell naye alishika alichokiona.

Mfano wa Lowell haujakosa warithi. Michirizi myeusi iteremkayo katika miteremko ya makasoko wakati wa joto, iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa dalili ya maji ya chumvi, miaka miwili baadaye ilielezwa kuwa mchanga mkavu unaoporomoka. Ziwa lililodhaniwa mwaka 2018 kuwa chini ya kilomita moja na nusu ya barafu ya kusini lina wapinzani waonao kuwa mwangwi ule wa redio hutoka katika udongo ulioganda.

Zaidi ya yote liko kasoko la Jezero, lenye upana wa kilomita 45, ambalo jina lake katika lugha kadhaa za Kislavi maana yake ni ziwa. Mto uliingia humo kutoka magharibi, ukamwaga matope yake katika delta, kama Rufiji unavyoyamwaga mbele ya Mafia, na upande wa mashariki ziwa lilijaa hata likaukata ukingo. Perseverance kilitua humo tarehe 18 Februari, 2021. Mwezi wa Julai 2024, katika bonde la mto huo, kilikuta jiwe jekundu la matope ya kale lenye madoa madogo meupe yaliyozungukwa na pindo jeusi, ambayo waliyoyaona waliyaita madoa ya chui. Katika madoa hayo mna madini ya chuma na fosfeti, na ya chuma na salfa, ya namna ambayo Duniani hufanywa mara nyingi na vijidudu vya matopeni vilapo mabaki ya viumbe. Lakini huweza kufanyika bila ya uhai wowote. Habari hizo zilitolewa kwa ukamilifu mwezi wa Septemba 2025, na walioziandika walijihadhari kuliko Lowell: walisema tu kuwa yaweza kuwa alama ya uhai, na kwamba jiwe lenyewe lapasa kupimwa katika maabara za Duniani. Kipande chake, kinene kuliko kalamu kidogo, kilikatwa, kikatiwa katika kibomba cha chuma na kuzibwa. Kibomba hicho kingali Mirihi.